Shangazi, binti yangu anataka kujifungia monasterini

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane, nakaa Moshi. Binti yangu wa kwanza amemaliza shahada ya ualimu, sasa anasema anaingia kwa Wakarmeli, wale masista wasiotoka nje. Angesema anakwenda kuuguza wagonjwa ningempa baraka. Lakini kujifungia kusali tu? Wadogo zake wawili bado wanasoma. Nimkatalie? – Mama M.*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Umemsomesha peke yako, ukitegemea akipata kazi atakusaidia kubeba mzigo. Usione haya kulisema hilo. Tena anza nalo, maana Kanisa lenyewe linalijali: Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alifundisha kwamba mtoto asiingie utawani, yaani maisha ya nadhiri, akiwaacha wazazi katika shida ambayo bila yeye haiwezi kutatuliwa. Basi ketini mpige hesabu. Ada ya wadogo zake itatoka wapi? Akishaweka nadhiri ya ufukara hatakuwa na mshahara wa kukutumia. Kama kweli hakuna njia nyingine, mwombe afundishe kwanza miaka michache. Wito wa kweli hauozi kwa kungoja. Kama ndugu wanaweza kushika sehemu ya ada, hoja hiyo imekwisha, usiifufue kila Jumapili.

Ila hilo la "kusali tu" nalikataa. Masista wa ndani huamka mapema, na kutwa nzima hurudi kanisani kwa vipindi kuimba zaburi. Katikati ni kazi: bustani, kuku, kushona mavazi ya misa, kuoka hostia, ule mkate wa komunyo. Unga wa ngano na maji, basi. Uji mwepesi unamiminwa kwenye chuma cha moto, unabanwa, unatoka mkate mweupe mwembamba kama karatasi, ndipo unakatwa viduara. Huenda uliyopokea Jumapili ilitoka kwenye mikono ya namna hiyo. Benedikto, aliyewaandikia wamonaki Kanuni yake katika karne ya 6, alisema uvivu ni adui wa roho.

Na sala yenyewe? Teresia wa Mtoto Yesu aliingia Karmeli, monasteri ya Wakarmeli, ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia humo mwaka 1897. Akiwa ndani aliwaombea na kuwaandikia barua wamisionari wawili. Mmoja wao baadaye alifika Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa misioni, sawa na Fransisko Ksaveri aliyevuka bahari hadi Japani. Wapo wagonjwa waliotelekezwa na wafungwa wasiotembelewa na yeyote. Mtu akitoa maisha yake yote kuwakumbuka hao mbele za Mungu, mimi siwezi kuambiwa elimu yake imepotea.

Usidhani pia kwamba mlango ukifungwa leo ndiyo basi. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2018 yanataka malezi ya miaka isiyopungua 9 kabla ya nadhiri za daima. Katika miaka hiyo anaweza kuona hapamfai akarudi nyumbani, na masista nao wanaweza kumwambia wito wake hauko pale. Akirudi, mpokee bila kumsimanga.

Jambo moja lichunguze kwa upole: anakimbia kitu? Uchumba uliovunjika, ajira iliyokosekana? Muulize mkiwa wawili tu, umsikilize hadi mwisho. Mwenye jeraha la namna hiyo atalikuta mle mle ndani, na kule hakuna redio wala shughuli za mjini za kumsahaulisha.

Kisha mwambie akupeleke. Omba kuonana na mama mkuu pamoja na sista mlezi, uwaulize yanayokunyima usingizi: nitamwona mara ngapi kwa mwaka? Akiugua atatibiwa wapi? Nikifa ataruhusiwa kuja kunizika? Ni maswali ya haki kwa mzazi, nao wameyazoea. Mpaka uwe umesikia majibu yao, usimwambie hapana.