Kabla hujatuma hela Dar kununua kitabu cha marudio cha udaktari

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaosoma udaktari, meseji zenu nazipata, na swali karibu lote ni lile lile, "dada ninunue kitabu gani cha kupigia msuli wa UE (mtihani wa chuo wa mwisho)?" Alafu nikimuuliza mtu sasa hivi una nini, anakuambia ana folda limejaa PDF kaziokota kwenye magrupu ya WhatsApp, za Wamarekani zipo, za Waingereza zipo, za Wahindi zipo, na hamna hata moja aliyoimaliza. Huyo akiongeza kitabu kingine anaongeza tu mzigo wa kuogopa.

Tuelewane kwanza, kitabu cha marudio ni cha mtu ambaye somo ameshalisoma. Ukiingia mwaka wa kwanza ukataka fiziolojia ya moyo uielewe kwenye kitabu cha vidokezo na vifupisho utakariri vizuri tu, tatizo ni siku ya viva (mtihani wa mdomo) mwalimu akisema "haya, kwa nini inakua hivyo?" hapo ndo unaanza kuangalia dari. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili soma kwenye kitabu kikubwa, cha marudio kije wiki za mwisho.

Pili, angalia mtihani unaofanya wewe sio wanaofanya wenzako wa YouTube. Kile kitabu cha First Aid ambacho kila mtu anacho kimetengenezwa kwa ajili ya USMLE Step 1 ya Marekani, mtihani wa kwenye kompyuta, unapewa kisa cha mgonjwa unachagua jibu moja lililo bora, na tangu Januari 2022 matokeo yake ni umefaulu au umefeli basi, hamna tena kuringishiana alama. Sisi huku kuna maswali ya kujieleza, kuna true/false ambazo vyuo vingine ukikosea wanakukata, kuna OSPE na OSCE (mitihani ya vitendo, unazunguka kituo hadi kituo), kuna long case unasimama kitandani kwa mgonjwa na mtahini yuko pembeni. Sisemi kitabu kibaya, kwa patholojia na bayokemia mi mwenyewe nakikubali sana, ila kukimeza chote ukidhani ndo umeumaliza mtihani wa chuo chako, hapana. Pasti pepa za chuo chako za miaka mitano hivi zitakuambia wanapenda kuuliza nini na wanaulizaje, na kitabu ukichague kufuata hizo.

Tatu, na hapa ndo nakomaa, usinunue kabla hujakipima. Kifungue kwenye malaria kali. Kikikuambia dawa ya kwanza ni kwinini kifunge, ni cha zamani, WHO walishapendekeza artesuneti ya sindano kwa watu wazima tangu 2006 na kwa watoto 2011. Kikiwa kimeandika artesuneti basi angalia na dozi, mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa 3 mg kwa kilo, kuanzia hapo kwenda juu ni 2.4 mg kwa kilo, saa 0, saa 12, saa 24. Nenda kwenye TB, ukikuta bado kinawapa waliorudi kwenye matibabu ile rejimeni ya miezi minane yenye streptomaisini, hiyo nayo WHO waliiacha 2017. Nenda HIV utafute dolutegravir, ndo dawa ya mstari wa kwanza siku hizi. Hayo ni magonjwa unayokutana nayo wodini kila siku, kitabu kikiyakosea hayo usikiamini kwenye mengine.

Angalia na vipimo. Vitabu vya Marekani sukari wanaandika kwa mg/dL, glukomita za wodini kwetu zinasoma mmol/L, unagawa kwa 18, yani 180 yao ni 10 yetu. Kreatinini (kipimo cha figo) je? Kutoka mg/dL kwenda mikromoli kwa lita unazidisha na 88.4. Ukiwa na kitabu cha namna hiyo andika hizo namba kwenye jalada la ndani mapema, chumba cha mtihani sio mahali pa kuanza kuzitafuta.

Halafu kwenye matibabu, kitabu cha marudio kiwe cha nje kiwe cha wapi, neno la mwisho ni mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya. Upakue uwe nao kwenye simu. Yale ya kwetu kabisa vitabu vya nje vinayapitia mbio mbio, matende na mabusha unapewa mistari miwili, chikungunya mstari mmoja, na wakati ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza hapa hapa uwanda wa Makonde mwaka 1952! (Mtahini akijua umetoka Newala atakuuliza, jiandae.)

Hela. Najua wengi tunasubiri mzee auze korosho mnadani ndo kitabu kinunuliwe, so usinunue vitatu. Nunua kimoja cha maswali, ambacho kinaeleza kwa nini jibu B ni sahihi na pia kwa nini A, C na D sio, chenye majibu matupu mwisho wa kitabu achana nacho. Toleo la nyuma moja kwa anatomia halina shida kabisa, mfupa wa paja haujabadilika, ila famakolojia na tiba tafuta toleo jipya. Cha mtumba ukiagiza Dar muombe muuzaji akupigie picha ukurasa wa mwaka wa kuchapwa na zile kurasa za malaria kabla hujatuma pesa, alafu agiza mapema. Mnakumbuka Mei 2024, barabara ilikatika Somanga na mwezi ule ule nyaya za intaneti za baharini nazo zikaharibika, waliokua wanategemea basi lilete kitabu na waliokua wanategemea kusoma mtandaoni wote wakakwama. PDF yako iwe imeshapakuliwa.

Madesa ya kaka na dada zenu yasomeni, yana shoti kati nzuri, ila yanakopiwa mwaka hadi mwaka na kosa la mtu mmoja linarithiwa na darasa zima. Dozi yoyote iliyo kwenye desa hakikisha kwenye mwongozo kwanza. Na mkikuta kosa lisahihisheni kwa peni kabla ya kupeleka steshenari.