Nunua daftari: niliyojifunza kwa waliomtibu binti yangu uvimbe wa ubongo

Daktari aliponiambia binti yangu ana uvimbe kichwani, nilimuuliza dawa ya kuuyeyusha inauzwa wapi. Kwetu Busia uvimbe ni uvimbe. Jino likioza shavu linavimba, mtoto akianguka goti linavimba, unakanda kwa maji ya moto na siku ya tatu umesahau. Daktari akachukua karatasi, akachora kichwa kwa ubavu, akaweka doa nyuma karibu na shingo. Akasema hii ni nyama iliyoota mahali pasipo pake, na imeziba njia ya maji yanayozunguka ubongo. Hapo ndipo miguu iliniishia nguvu.

Namwandikia mzazi aliyepewa neno hilo wiki hii na hajui aanzie wapi.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Kichwa kilimuuma alfajiri, akatapika, kisha ikifika saa tano anacheza na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Alitibiwa malaria mara tatu na minyoo mara mbili katika kliniki ambayo sitaitaja. Aliyetufungua macho ni muuguzi aliyeuliza swali moja tu: kinamuuma saa ngapi? Kisha akamwambia atembee juu ya mstari wa sakafu, mtoto akayumba. Mtu akilala, shinikizo ndani ya kichwa hupanda, kwa hiyo maumivu yanayoanza alfajiri pamoja na kutapika yanataka uchunguzi wa kichwa, hata kama mchana mtoto anacheka.

Wodini nilikutana na baba ambaye uvimbe wa mwanawe ulikuwa kwenye uti wa mgongo. Kwao dalili zilikuwa nyingine. Mgongo ulimuuma usiku hadi akaamka akilia, kisha miguu ikalegea, kisha akaanza kujikojolea ilhali alishaacha zamani. Ukiona miguu inalegea na mkojo unatoka wenyewe, usingoje Jumatatu. Panda gari siku hiyohiyo.

Sisi tulipewa rufaa kwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, hospitali ya watoto ya CURE. Watu wengi wanaijua kwa watoto wa kichwa maji, na ni kweli, pale ndipo Daktari Benjamin Warf na wenzake walipokuza njia ya kuyafungulia maji mkondo mpya ndani ya ubongo kwa kifaa chenye kamera ndogo, ili mtoto asilazimike kuishi na bomba la kutolea maji kichwani linaloweza kuziba akiwa kijijini mbali na daktari. Mimi sikujua kwamba wanatibu pia uvimbe. Kazi ya kwanza ilikuwa kuyapatia maji njia. Uvimbe wenyewe ulitolewa baadaye.

Kabla ya upasuaji, bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliniita pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, nunua daftari. Hawa wanapokezana zamu, wewe hupokelewi na mtu." Nilinunua dukani nje ya geti. Sasa ni la tatu.

Nilichokuja kukielewa polepole ni kwamba mtoto wa namna hii hatibiwi na daktari mmoja. Kuna anayepasua, kuna anayelaza kwa dawa ya usingizi, kuna anayesoma picha, kuna wa maabara, wa kemo (dawa za kuua saratani), wa mionzi, wa macho, wa mazoezi, wa lishe, ofisa wa ustawi wa jamii, na masista wanaokaa naye usiku. Kila mmoja anamwona mtoto kwa dirisha lake. Anayemwona mzima, tangu homa ya jana hadi chakula alichokataa leo, ni wewe. Kwa hiyo kazi yako, hata kama hukusoma, ni kubeba habari kutoka dirisha moja hadi lingine. Andika dawa, kipimo, saa, na jina la aliyekuambia.

Sasa niseme jambo lililoniumiza kuliko yote. Siku mbili baada ya uvimbe kutolewa, binti yangu alinyamaza. Alikuwa amezinduka vizuri, ameomba maji, ameniita mama. Kisha sauti ikakatika. Analia bila neno, ananitazama, hawezi hata kumeza uji sawasawa. Nyumbani wakasema kwa simu ni jini, leteni shehe. Mimi nikaamini wamemkata mahali pa kusemea.

Kumbe daktari wa upasuaji alikuwa ameeleza kabla. Uvimbe wa sehemu ile ya nyuma ukitolewa, baadhi ya watoto hupoteza usemi baada ya siku moja au mbili, na kwa wengi hurudi kwa wiki au miezi, ingawa si kila mara kama ulivyokuwa. Alisema kwa Kiingereza. Shemeji yangu ndiye aliyenitafsiria, na sentensi ile aliiruka kwa kunihurumia. Simlaumu, alikuwa ananipenda. Lakini nakuomba, mzazi mwenzangu: usikubali kutafsiriwa na mtu anayekuonea huruma. Uganda lugha ni nyingi, na wodini utasikia Kigisu, Kiganda, Kiteso na Kiingereza ndani ya saa moja. Mwombe sista anayejua Kiswahili, kisha rudia kwa maneno yako ulichoelewa, ili wakusahihishe papo hapo. Hakuna aliyenikasirikia kwa kufanya hivyo.

Neno la kwanza lilirudi wiki ya sita. Lilikuwa "hapana", alimwambia mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akimkunja mguu. Yule dada alifuta machozi kwa mkono wa koti lake na akaendelea na kazi.

Kuna mtu ambaye hutamwona kamwe, naye ndiye anayeamua mengi: daktari wa maabara anayekata kipande cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini. Majibu yake hukawia. Wetu uliitwa meduloblastoma, saratani, nao unaweza kusafiri kwenye maji ya ubongo hadi mgongoni, ndiyo maana baadaye walipima uti wa mgongo pia. Wa mtoto jirani yetu ulikuwa wa aina inayokua taratibu, na upasuaji pekee ukamtosha. Usilinganishe mtoto wako na wa kitanda cha pili kabla hujajua jina la uvimbe. Omba waliandike kwenye daftari.

Kampala tulikwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilima cha Mulago, ambayo imekuwapo tangu 1967. Mionzi ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Wapo wanaokumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika isitengenezeke tena. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi lile niliwafikiria wazazi wa mwaka huo. Mtoto huvalishwa barakoa ngumu iliyochukua umbo la uso wake ili asitikisike. Mwombe mtaalamu wa mionzi amwache mtoto aishike kwanza, aichezee. Wa kwangu aliivalisha kiatu chake. Watoto wadogo sana, chini ya miaka mitatu, kwa kawaida hukingwa na mionzi kwa sababu ubongo bado unajengeka. Ukiambiwa mtoto wako anaanza na kemo peke yake, huenda sababu ni hiyo. Uliza.

Kwenye kemo, masista ndio shule yako. Mmoja alinifundisha kwamba kidole cha mguu kinachoburuta na choo kinachogoma ni athari ya mojawapo ya dawa, na vyote viripotiwe. Alinifundisha pia kununua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, usimpe panadoli ukalala ukingoja asubuhi. Dawa zimeshusha kinga yake, na homa hiyo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Na ile dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, inayomfanya mtoto avimbe mashavu, ale kupita kiasi na kukasirika ovyo, usiikatishe ghafla kwa sababu umechoka na hasira zake. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo.

Nilipoambiwa timu ya huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya mgonjwa, inakuja kutuona, nilijificha chooni. Nilidhani wanaitwa mtu akishakata tamaa. Walikuja na chupa ya mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, wakauliza analala vipi. Usiku ule mtoto alilala, nami nikalala. Uganda imetangulia katika hili: taasisi ya Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Daktari Anne Merriman mwaka 1993, hutengeneza mofini hiyo ya maji, na wauguzi waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Waite mapema. Wao ni watu wa maumivu, na maumivu yapo hata kwa mtoto atakayepona.

Kuhusu pesa nitasema kifupi: mtafute ofisa wa ustawi wa jamii siku ya kwanza, kabla hujauza mbuzi. Ndiye anayejua wapi pa kulala bure na nani anasaidia nauli. Mimi nilimfikia mwezi wa pili, nikiwa nimeshauza cherehani.

Matibabu yalikwisha, timu haikuisha. Bado tunapimwa macho, masikio, urefu na homoni, kwa kuwa mionzi ya kichwa inaweza kudumaza mtoto miaka baadaye. Na nimeiongezea mtu mmoja. Binti yangu aliporudi shule alikuwa anaandika polepole na anachoka saa nne asubuhi, wenzake wakamwita mvivu. Nikaenda na daftari kwa mwalimu wa darasa. Nilimweleza kwamba anasikia vizuri kwa sikio la kulia, kwamba apewe muda, kwamba akitapika asubuhi nipigiwe simu mara moja. Mwalimu alisikiliza, akafungua daftari lake, akayaandika yote. Kisha akaniuliza kliniki ijayo ni tarehe ngapi.