Jibu: Kusaidia makumbusho ya simu bila kutoa hela

Ndugu, umeuliza utasaidiaje makumbusho ya simu yanayoendeshwa na watu wa kujitolea ilhali mfuko hauruhusu. Kwanza, usikimbilie kuwapelekea simu ya mezani ya zamani. Hizo huwa wanazo tele, stoo haina pa kukanyaga. Wanachokosa ni mikono, pamoja na karatasi: miongozo ya mafundi, michoro ya nyaya, vitabu vya namba. Fundi akifariki, vitu hivyo mara nyingi huishia jalalani.

Mikono ndiyo hasa. Chukua mtambo wa Strowger, yaani mtambo wa kuunganisha simu wenyewe bila opereta, uliopewa hataza Marekani mwaka 1891 (Strowger aliyeubuni alikuwa mtu wa shughuli za mazishi, si fundi simu!). Ukizungusha 5 kwenye simu, mkono wa chuma wa mtambo unapanda ngazi 5, ta-ta-ta-ta-ta, kisha unageuka kutafuta laini iliyo wazi. Vumbi likikaa kwenye viguso, yaani vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, simu haiendi. Kuvisafisha kimoja kimoja kunamaliza Jumamosi nzima, na hakuhitaji cheti, subira tu.

Kama unamjua mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mitambo hiyo, nenda naye, umrekodi akisimulia. Ila ulizia kwanza siku wanazofungua.