Intaneti inasuasua Urambo: anza bila mtandao

Mwalimu, nimekuelewa: unataka wanafunzi wako wa Urambo wajifunze na wenzao wa nje, ila intaneti inakatika na kompyuta ni moja. Usianze na simu za video. Zinamaliza bando na kuwavunja watoto moyo. Ukifika Tabora mjini, pakua Kolibri (programu ya masomo) au Kiwix (programu ya kusoma tovuti kama Wikipedia). Ni za bure, na zikishawekwa hazihitaji intaneti. Kiwix ina hata Wikipedia ya Kiswahili. Na shule rafiki, tumianeni sauti mlizorekodi: watoto waeleze ufugaji wa nyuki na asali ya miombo, wenzao wajibu kwa wakati wao. Sura na majina ya watoto yasitoke bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda.