Miligramu tano za mwisho: maswali yenu kuhusu kuacha steroidi

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa, kwa sentensi mbili tu, kwamba prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi zinazotuliza uvimbe, haziachwi ghafla kama mtu anavyoacha Panadol kichwa kikipoa. Sentensi hizo mbili zimeniletea maswali mengi kuliko makala nzima. Nayajibu baadhi. Kumbuka tu kwamba mimi ni mfamasia. Ratiba yako ya kupunguza dozi anaipanga daktari anayekutibu, haipangwi na safu hii.

*Shikamoo dada. Nina lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), nimetumia predi miezi kumi na minne. Kutoka miligramu 40 hadi 10 kwa siku nilishuka bila shida yoyote. Nilipofika 7.5 nikawa kama mwizi aliyepigwa: viungo vinauma, asubuhi siinuki, nalia bila sababu. Ugonjwa umerudi au ni dawa? (Mbagala)*

Marahaba mdogo wangu. Pole, na nianze na hilo la kulia, kwa sababu najua ndilo linalokutisha kuliko maumivu. Hujachanganyikiwa. Kushuka moyo, hasira za karibu na machozi yasiyo na msiba ni sehemu ya mwili kuzoea kuishi na dozi ndogo. Waambie watu wa nyumbani mapema, wasije wakadhani umewanunia.

Sasa kwa nini shida imeanzia 7.5 wakati kule juu ulishuka kama unateremka ngazi? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutengeneza kotisoli, homoni inayokuamsha alfajiri, inayoshikilia presha na sukari, na inayopanda ukiugua au ukipata mshtuko. Kotisoli ya siku moja ya mtu mzima mwenye afya ni sawa na takriban miligramu 5 za prednisoloni. Wewe ulipokuwa unameza 40, ubongo uliona kotisoli imejaa tele ukaacha kuziamuru tezi zifanye kazi. Ni kama nyumba inayoletewa chakula na mama lishe kila siku kwa mwaka mzima: jiko linazimwa, kuni zinaisha, na mpishi anasahau hata kibiriti alikiweka wapi. Kutoka 40 hadi 10 ulikuwa unapunguza ziada tu. Sasa mama lishe anapunguza sahani zenyewe, na jikoni moto bado haujawaka. Kuwaka kwake huchukua miezi, na kwa wengine mwaka au zaidi.

Kuhusu swali lako lenyewe, maumivu ya kupunguza dawa mara nyingi ni ya mwili mzima, misuli na viungo, bila viungo kuvimba. Ukikaa kwenye dozi ileile wiki kadhaa hupungua polepole. Lupasi ikirudi huja na alama zake: viungo vinavimba na kupata joto, vidonda mdomoni, vipele vipya usoni, miguu kuvimba, mkojo wenye povu. Ukiona hayo, hasa mkojo na miguu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kama hayapo, usishuke tena kwa sasa, na wapigie simu kliniki. Daktari anaweza kukurudisha kwenye dozi ya mwisho uliyokuwa vizuri, kisha mshuke kwa miligramu 1 kila wiki nne badala ya 2.5. Hapo ndipo tunapokwama huku kwetu, maana vidonge vya miligramu 1 ni adimu na duka nyingi zina vya 5 tu. Njia inayotumika ni kukata kidonge katikati na kupishanisha siku, kwa mfano leo 7.5, kesho 5. Mwombe daktari akuandikie siku kwa siku kwenye karatasi, na wewe uwe na daftari: tarehe, dozi, ulivyoamka. Daftari hilo litamsaidia kuliko kumbukumbu zako za miezi mitatu. Meza asubuhi baada ya kula, maana ukimeza jioni usingizi unakukimbia na uchovu unazidi. Tembea kidogo kila siku hata kama ni hadi dukani na kurudi. Kwa maumivu tumia paracetamol, na diclofenac ikae mbali nawe, kwani lupasi na figo zina ugomvi wa kutosha tayari.

*Nina baridi yabisi, natumia prednisoloni 10. Mwezi uliopita nilianzishiwa dawa za kifua kikuu. Sijapunguza predi hata punje, lakini nasikia mwili kama nimeiacha. Inawezekana? (Kilifi)*

Inawezekana kabisa, na ningependa kila kliniki ya TB iwe inauliza jambo hili. Ndani ya dawa zako kuna rifampisini. Dawa hiyo hulifanya ini liivunje prednisoloni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo unameza 10 lakini inayobaki kufanya kazi inaweza kuwa kama nusu yake. Mwili unahesabu kilichomo kwenye damu, hauhesabu ulichomeza. Usiache dawa za TB hata siku moja. Nenda na vidonge vyote mkononi, vya huku na vya kule, umwonyeshe daktari mmoja. Mara nyingi huongeza prednisoloni, hata mara mbili, kwa muda wote wa matibabu. Halafu, na hili husahaulika, ukimaliza dawa za TB dozi hiyo inatakiwa kushushwa tena.

Kuna kinyume chake pia. Wanaotumia ARV zenye ritonavir pamoja na pumpu ya fluticasone, ambayo nayo ni steroidi, dawa ya pumpu hurundikana mwilini hadi tezi zinalala, ingawa mtu hajawahi kumeza kidonge cha steroidi maishani. Kama ni wewe, mwambie anayekupa ARV.

*Nilipewa predi siku tano kwa ajili ya pumu, zikaisha, sikupunguza. Nimejidhuru?*

Hapana. Kozi ya siku tano hadi saba haihitaji kupunguzwa. Tunaoongea nao hapa ni waliotumia wiki tatu, nne na kuendelea. Ila kama kozi hizo za siku tano unazipata kila mwezi, wewe nawe umo humu, na pumu yako inahitaji pumpu ya kila siku.

*Dada naomba usitaje ninapoishi. Nilinunua vidonge vya kunenepa, vitatu kwa siku, miezi mitano. Nimenenepa mashavu na tumbo. Niliacha Jumapili. Leo Ijumaa natapika, nikisimama naona giza.*

Huyu sikumngoja hadi siku ya safu. Nilimjibu hapohapo aende hospitali, na naweka jibu hapa kwa ajili ya wengine ambao hawajaandika.

Vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina la kunenepesha ni deksamethasoni, mara nyingi ikichanganywa na dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula. Kidonge chake ni kidogo, miligramu 0.5, na udogo huo ndio unaodanganya watu. Miligramu 0.75 za deksa zina nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni. Vitatu kwa siku ni sawa na prednisoloni 10 kila siku, miezi mitano, bila daktari. Kisha ghafla sifuri.

Kutapika, kuona giza ukisimama, tumbo kuuma, kulegea, kuchanganyikiwa: kwa mtu aliyeacha steroidi hii ni dharura ya saa, haifai kusubiri kesho. Dawa yake ni ya bei ndogo na ipo hospitali nyingi, sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na dripu ya maji ya chumvi. Kinachoua ni kutosema. Ukifika ukasema tu "natapika", utapimwa malaria na typhoid, saa zinakwenda. Sema: "Nilikuwa natumia deksamethasoni miezi mitano, nimeacha ghafla." Ukiona haya kuitamka mbele ya foleni, iandike kwenye karatasi umpe nesi. Baada ya hapo utarudishiwa steroidi kwa kipimo na kushushwa pole pole kama mgonjwa mwingine yeyote.

Na nyinyi wenzangu wa maduka ya dawa mnaofungia deksa kwenye bahasha isiyo na jina: huyu binti hakujua hata alichokuwa anameza. Mlijua nyinyi.

*Nipo kwenye kupunguza, nimefika 5. Nikipata malaria nifanyeje?*

Mwili wenye tezi zilizoamka huongeza kotisoli wenyewe ukipata homa. Wako bado hauwezi, kwa hiyo unaongezewa. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha dozi mara mbili siku zote za homa, kisha kurudi ulipokuwa. Muulize daktari wako sasa, ukiwa mzima, akuandikie kiasi chako. Kapime malaria kama kawaida na umeze dawa mseto. Ukitapika prednisoloni na ukirudia ukaitapika tena, hiyo ni safari ya hospitali kwa ajili ya sindano. Vivyo hivyo ukipata ajali, au ukienda kupasuliwa, au kujifungua: wanaokuhudumia lazima wajue. Weka kikaratasi kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, chenye jina la dawa, dozi na tangu lini.

*Mume wangu yuko kwenye 5 na anapunguziwa. Ramadhani inakuja, anasema atafunga na hasikii la mtu. (Unguja)*

Kidonge chenyewe si tatizo, humezwa mara moja na daku inatosha. Tatizo ni saa tisa alasiri, jua kali, hana maji wala sukari mwilini, na tezi zake haziwezi kumwokoa zikihitajika. Wapo wanaofunga salama kwa mpango wa daktari. Wapo wanaoambiwa wasifunge mwaka huu, na sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Nendeni kwa daktari ndani ya Shaabani, msisubiri mwezi uandame. Akiruhusiwa, mkubaliane kabisa kwamba akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akiona kizunguzungu, anafungua palepale. Kama hakusikii wewe, mpeleke sheikh wake kliniki pamoja naye. Nimeliona hilo likifanya kazi.

*Nitajuaje tezi zangu zimeamka?*

Kuna kipimo cha damu cha kotisoli, si kila hospitali inacho lakini maabara kubwa za mijini zinacho. Huchukuliwa asubuhi, saa mbili hivi, kwa sababu ndipo kotisoli ya asili inapokuwa juu. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimerudi kazini na daktari anaweza kukuachisha. Ikiwa chini ya 150, zimelala bado; unaendelea na dozi ndogo na kurudia kipimo baada ya miezi. Katikati ya hapo ni kusubiri, kupima tena.

Wengi huharibu kipimo hiki kwa kumeza prednisoloni kabla ya kutoka nyumbani. Dozi ya siku ya kabla ya kipimo imeze asubuhi yake kama kawaida. Ya siku ya kipimo itie mfukoni pamoja na andazi na chupa ya maji, umeze ukishatolewa damu, hapohapo kwenye benchi.