Maswali ya Wasomaji: Karim Massimov, Mkuu wa Serikali Aliyehukumiwa kwa Uhaini

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makala yenu kuhusu nchi za Asia ya Kati mlimtaja Karim Massimov kuwa ndiye aliyekalia kiti cha uwaziri mkuu wa Kazakhstan kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, kisha mkaongeza kwa sentensi moja tu kwamba hivi sasa ni mfungwa. Naomba mnieleze mtu huyu alitokea wapi, alipandaje, na ilikuwaje hata akahukumiwa kwa uhaini. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Karim Massimov alizaliwa mwaka 1965 katika mji wa Tselinograd, ambao leo ndio Astana, mji mkuu wa Kazakhstan. Ujana wake ulikuwa wa msomi wa lugha na wa nchi za nje. Alipitia Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Patrice Lumumba kilichopo Moscow, chuo ambacho wasomaji wetu wengi wanakifahamu kwa sababu kilisomesha vijana wa Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, kisha akaenda China, akajifunza lugha mjini Beijing na sheria katika Chuo Kikuu cha Wuhan. Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika mwishoni mwa mwaka 1991, Kazakhstan ilijikuta ni dola huru yenye mpaka mrefu na China lakini yenye watu wachache sana walioweza kukaa na Wachina mezani na kuzungumza nao kwa lugha yao, na kijana huyu alikuwa mmojawapo. Alitumwa kufanya kazi za biashara za nchi yake huko Urumqi na baadaye Hong Kong.

Kutoka hapo aliingia katika mabenki, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akiongoza Benki ya Halyk, iliyokuwa miongoni mwa benki kubwa kabisa za nchi. Serikalini alianza kushika nafasi ya juu mwaka 2000 alipoteuliwa kuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, akawa naibu waziri mkuu mwaka uliofuata, kisha akahamia Ikulu kuwa msaidizi wa Rais Nursultan Nazarbayev. Mimi nadhani hicho kipindi cha Ikulu ndicho kilichoamua mengi kuliko vyeo vyake vyote vya kabla ya hapo, kwa kuwa katika mfumo ule mtu anapimwa kwa ukaribu wake na rais kwanza, na kazi yake wizarani baadaye. Alirudi serikalini mwaka 2006 akiwa naibu waziri mkuu na waziri wa uchumi, na tarehe 10 Januari 2007, akiwa na umri wa miaka 41, akawa waziri mkuu.

Hakupewa muda wa kuzoea kiti. Kabla mwaka haujakwisha, mtikisiko wa fedha ulioanzia Marekani uliziba njia ya mikopo ya nje ambayo mabenki ya Kazakhstan yalikuwa yakiitegemea kupita kiasi. Serikali yake ilichota takriban dola bilioni 10 kutoka Mfuko wa Taifa, akiba iliyojengwa kwa mapato ya mafuta, ili kuyaokoa mabenki na kukamilisha majengo ya watu waliokwisha kulipia nyumba ambazo hazijainuka, na mwezi Februari 2009 serikali ikaichukua Benki ya BTA, iliyokuwa imelemewa na madeni. Mwezi huohuo thamani ya sarafu ya nchi, yaani tenge, ilishushwa kutoka takriban 120 hadi takriban 150 kwa dola moja. Mwananchi wa kawaida aliyekopa kwa dola na kulipwa mshahara kwa tenge aliumia vibaya, ijapokuwa mfumo wa fedha haukuporomoka.

Doa kubwa la kipindi hicho lilitokea magharibi, katika mji wa mafuta wa Zhanaozen. Wafanyakazi wa visima vya mafuta walikuwa wamegoma kwa miezi mingi wakidai mishahara, na tarehe 16 Desemba 2011, siku ya kuadhimisha miaka 20 ya uhuru, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji na watu wasiopungua 14 wakafa. Timur Kulibayev, mkwe wa rais, aliondolewa katika uongozi wa mfuko wa mali za serikali wa Samruk-Kazyna. Waziri mkuu akabaki. Nawaomba wasomaji wakumbuke jambo hilo, kwa maana lilijirudia.

Septemba 2012 Massimov aliondoka kwenye uwaziri mkuu, lakini alikwenda kuongoza Ofisi ya Rais, cheo ambacho wengi mjini Astana walikiona kuwa kizito kuliko kile alichokiacha. Aprili 2014 alirejeshwa kuwa waziri mkuu. Safari hii bei ya mafuta ilikuwa imeanguka na uchumi wa Urusi, jirani na mshirika wa Kazakhstan katika Umoja wa Uchumi wa Eurasia ulioanza Januari 2015, ulikuwa umeyumba. Tarehe 20 Agosti 2015 serikali na benki kuu ziliacha kuishikilia sarafu, na kwa siku moja tenge ikashuka kutoka takriban 188 hadi takriban 255 kwa dola. Mwaka uliofuata, mabadiliko ya sheria ya ardhi yaliyowaruhusu wageni kukodi mashamba kwa miaka 25 yaliwatoa watu mitaani kuanzia Atyrau hadi miji mingine, kwa hofu kwamba ardhi ingemezwa na Wachina. Nazarbayev alisitisha mabadiliko hayo, waziri wa uchumi na waziri wa kilimo wakajiuzulu, na Massimov, mkuu wa serikali iliyoileta sheria yenyewe, akavuka tena salama.

Tarehe 8 Septemba 2016 alihamishiwa Kamati ya Usalama wa Taifa, yaani idara ya ujasusi iliyorithi kazi za KGB ya Kisovyeti, na akawa mkuu wake. Ni vigumu kupata ushahidi mkubwa zaidi wa imani ya rais. Nazarbayev alikuwa anakaribia miaka 80, akiandaa namna ya kung'atuka bila kupoteza usukani, na aliwahitaji watu wake mwenyewe katika sehemu nyeti. Alijiuzulu urais tarehe 19 Machi 2019, akamwachia Kassym-Jomart Tokayev, lakini yeye akabaki mwenyekiti wa Baraza la Usalama. Kwa miaka karibu mitatu nchi ikawa na rais mmoja Ikulu na mwingine nyuma ya pazia, na mkuu wa usalama wa taifa aliteuliwa na yule wa nyuma ya pazia.

Hali hiyo ilipasuka Januari 2022. Mwanzo wa mwaka ukomo wa bei ya gesi ya magari uliondolewa, na huko Mangystau, mkoa wa Zhanaozen, bei ikapanda takriban mara mbili hadi tenge 120 kwa lita. Maandamano yaliyoanza Zhanaozen tarehe 2 Januari yalienea nchi nzima, na ilipofika tarehe 5 jengo la utawala wa jiji la Almaty lilikuwa linaungua na uwanja wa ndege umetwaliwa. Siku hiyo Tokayev alichukua uenyekiti wa Baraza la Usalama kutoka kwa Nazarbayev na kumfuta kazi Massimov, kisha akaomba majeshi ya jumuiya ya ulinzi inayoongozwa na Urusi. Tarehe 8 ilitangazwa kwamba Massimov amekamatwa. Siku chache baadaye Tokayev alilalamika hadharani kwamba katika miji kadhaa wakuu wa idara ya usalama waliyakimbia majengo yao na kuacha silaha na nyaraka za siri. Watu 238 walikufa kwa hesabu rasmi.

Kesi ilisikilizwa faraghani. Tarehe 24 Aprili 2023 mahakama mjini Astana ilimtia hatiani kwa uhaini, kujaribu kutwaa madaraka kwa nguvu na kuvuka mipaka ya mamlaka yake, ikamhukumu kifungo cha miaka 18. Waliokuwa manaibu wake nao wakafungwa. Kwa kuwa ushahidi haukuwekwa mbele ya umma, msomaji ajue kwamba tunachoweza kukisema kwa uhakika ni hukumu yenyewe; kwamba alifanya nini hasa katika siku zile nne tano, wananchi wa Kazakhstan wenyewe hawajaonyeshwa.

SWALI: Nimesoma kwamba katika nchi hiyo rais ni mkuu wa nchi na waziri mkuu ni mkuu wa serikali. Mtu akiwa mkuu wa serikali kwa miaka minane, inakuwaje akakosa hata kundi la kumtetea anapokamatwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Maneno ya katiba ni sahihi, lakini yasikupoteze. Kwa katiba ya mwaka 1995 rais wa Kazakhstan ndiye aliyemteua waziri mkuu kwa ridhaa ya Majilis, yaani baraza la chini la Bunge, na ndiye aliyeweza kumwondoa wakati wowote. Mfumo huo hauko mbali na ule wa Tanzania, ambapo waziri mkuu huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Bunge, isipokuwa kwamba waziri mkuu wa Tanzania sharti awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, na hivyo ana wapiga kura wake. Massimov hakuwa na jimbo. Katika uchaguzi wa Agosti 2007 chama cha Nur Otan, chake Nazarbayev, kilichukua viti vyote vilivyogombaniwa katika Majilis, kwa hiyo ridhaa ya Bunge ilikuwa ni ridhaa ya mwenye chama.

Kuna sababu nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini. Siasa za Kazakhstan zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya ukoo na juu ya mitandao ya mikoa, na Massimov mara nyingi alitajwa kuwa mwenye asili ya Kiuyghur, jamii ndogo ambayo haiwezi kumpa mtu daraja la kupandia urais. Kwa maoni yangu, jambo hilo ndilo lililomfanya afae: rais anayeogopa mrithi mwenye pupa humpenda msaidizi hodari asiye na jeshi lake mwenyewe. Ndiyo maana alivuka Zhanaozen, akavuka kuporomoka kwa tenge, akavuka vurugu za ardhi. Aliyemshika mkono alipotoweka kwenye Baraza la Usalama, hapakuwa na chama, mkoa wala ukoo uliodai arudishwe.

Hata hivyo, nisimdhulumu kwa kumfanya aonekane tarishi tu. Ndani ya mipaka hiyo alikuwa mtendaji mwenye uwezo, na waliofanya naye kazi kutoka nje, kuanzia Wachina wa bomba la gesi lililofunguliwa Desemba 2009 hadi wawekezaji wa mafuta, walimjua kuwa mtu wa takwimu na wa lugha nyingi.

SWALI: Je, yeye ndiye waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo kuhukumiwa? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hapana. Akezhan Kazhegeldin, waziri mkuu kuanzia 1994 hadi 1997, aligeuka mpinzani wa Nazarbayev, akakimbilia ng'ambo, na mwaka 2001 akahukumiwa miaka 10 bila mwenyewe kuwapo mahakamani. Serik Akhmetov, aliyekalia kiti kati ya vipindi viwili vya Massimov, alihukumiwa miaka 10 Desemba 2015 kwa makosa ya rushwa, na baadaye akatoka kabla ya kuimaliza adhabu. Wakati wa hukumu hiyo waziri mkuu alikuwa Massimov. Kwa upande mwingine, Tokayev naye alikuwa waziri mkuu, kuanzia Oktoba 1999 hadi Januari 2002, na kama Massimov alijifunza Kichina na kuishi Beijing, akiwa mwanadiplomasia wa Kisovyeti. Alipotoka uwaziri mkuu alirudi kwenye mambo ya nje, akaongoza Seneti, akaenda Geneva kuongoza ofisi ya Umoja wa Mataifa kuanzia 2011 hadi 2013, kisha akarejea Seneti. Na kwa katiba ya wakati ule spika wa Seneti ndiye aliyeshika urais pindi rais anapojiuzulu.