Moyo Unapochoka Katikati ya Deni

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa watu ambao tayari wamekaa na wanaowadai, wakakubaliana ratiba ya malipo ya kila mwezi, na sasa wanalipa. Hakuna hata mmoja anayeuliza jinsi ya kuanza. Kuanza kuna msukumo wake, kwa kuwa aibu na hofu humwamsha mtu alfajiri. Ugumu huja baadaye, hofu inapopoa na deni likiwa bado lipo.

SWALI: Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika Kaunti ya Kilifi. Madeni yangu yalipofika matano, afisa mmoja wa Sacco yetu alinisaidia kuyaandika yote kwenye karatasi moja na kuwaandikia barua wanaonidai. Tulikubaliana nilipe kwa miezi 36: Sacco Sh5,000 kwa mwezi, benki Sh5,500, kwa deni la Sh160,000 lenye riba ya asilimia 14 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, kampuni mbili za mikopo ya simu, zilizokubali kusimamisha riba, Sh600 na Sh250, na shemeji yangu, aliyenikopesha Sh45,000 bila riba, Sh1,250. Miezi ya kwanza nililipa kwa furaha na nikafuta programu zote za mikopo kwenye simu. Sasa nimemaliza mwezi wa 16. Sijakosa malipo hata mara moja, lakini mwezi uliopita nilifuliza, yaani nilitumia fedha za mkopo kwenye simu salio langu lilipokwisha, mara tatu, na juzi nilijikuta nikisoma tangazo la mkopo mpya hadi mwisho. Wenzangu katika chumba cha walimu huzungumzia viwanja, nami hujifanya nasahihisha madaftari. Katika yale madeni matano, hakuna hata moja lililokwisha. Nifanyeje nisikate tamaa? *Mwalimu, Kilifi*

JIBU: Mwalimu, salamu zako zimefika. Sentensi niliyoirudia katika barua yako ni ile iliyotangulia swali: hakuna hata deni moja lililokwisha. Nitairejelea, lakini kwanza niruhusu nikuulize ulifuliza kwa ajili ya nini. Ikiwa zilikuwa fedha za nauli, gesi na unga katika siku za mwisho wa mwezi, basi si moyo wako uliochoka. Mara nyingi tunachokiita kukata tamaa ni njaa ya wiki ya nne. Mpango uliokubana kiasi kwamba mtungi wa gesi ukiisha mapema huna budi kukopa ni mpango unaokukopesha kwa mkono mmoja na kukulipisha kwa mkono mwingine, na hakuna mawaidha yatakayouokoa. Chukua taarifa ya simu yako ya miezi mitatu, upige mstari chini ya kila mara ulipokopa, kisha uone kama tarehe zinafuatana. Zikifuatana, rudi kwa yule afisa wa Sacco, na kwa pamoja mwaombe wanaokudai wasogeze tarehe za malipo ziwe siku mbili baada ya mshahara, na utenge hata Sh1,000 ya dharura kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mpango ulioandikwa hurekebishwa kwa kuomba. Kinachouvunja ni kukaa kimya.

Sasa tuangalie hesabu, kwa maana nadhani hujawahi kuonyeshwa kinachotendeka ndani ya malipo yako ya benki. Katika mwezi wa kwanza, kati ya zile Sh5,500, karibu Sh1,867 zilichukuliwa na riba, na Sh3,633 tu ndizo zilizopunguza deni lenyewe. Baada ya miezi 16 umelipa Sh88,000, lakini deni limeshuka kwa Sh63,500 hivi, na limebaki kama Sh96,500. Mtu akiangalia hapo lazima aumie. Hata hivyo, katika malipo yako ya mwezi wa 17 riba itachukua takriban Sh1,126, na karibu Sh4,374 zitakwenda kwenye deni. Fedha ni zilezile, mshahara ni uleule, ila kazi zinayoifanya sasa imezidi ile ya mwezi wa kwanza kwa zaidi ya Sh700, na itazidi kuongezeka kila mwezi hadi mwisho. Umechoka wakati ambapo shilingi yako imeanza kuwa na nguvu. Nenda benki uombe taarifa ya mkopo inayotenganisha riba na deni la msingi, kisha unakili safu mbili hizo kwenye daftari lako kwa mkono wako mwenyewe. Usitosheke na ujumbe wa simu unaosema kwamba malipo yamepokelewa.

Kuchoka kwako katikati kumechunguzwa pia na wataalamu. Mwaka 2011 Andrea Bonezzi, Miguel Brendl na Matteo De Angelis walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayefuata lengo huwa na bidii mwanzoni, kwa sababu anapima hatua zake kutoka alikoanzia, na huwa na bidii karibu na mwisho, kwa sababu anapima umbali uliobaki. Katikati, ncha zote mbili ziko mbali, na bidii hushuka. Ukiwa mwezi wa 16 kati ya 36 upo hapo hasa.

Dawa yake ni kuikata njia iwe na mianzo na miisho mingi zaidi, na wewe, kwa bahati, una kipimo ambacho wengi hawana. Mwaka wa shule una mihula mitatu. Ukihesabu kila muhula pamoja na likizo yake kuwa miezi minne, miezi 36 ni mihula tisa. Umekwisha kumaliza minne, na imebaki mitano. Hakuna mwalimu anayeingia darasani Januari akiwaza mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka wa tatu ujao. Anafundisha muhula huu, anafunga ripoti, anapumzika, kisha anafungua muhula mwingine. Deni nalo lipe ripoti ya mwisho wa muhula. Siku ya kuifunga, wapikie watoto samaki wa kupaka, na gharama yake iwe imo ndani ya bajeti tangu mwanzo, ili starehe hiyo isigeuke kuwa kufuliza kwa mara ya nne.

Ndipo nirudi kwenye ile sentensi. Mwaka 2012 David Gal na Blakeley McShane wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichambua kumbukumbu za watu waliokuwa katika mpango wa kulipa madeni. Waliona kwamba waliofunga akaunti za madeni, moja baada ya nyingine, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza madeni yote, bila kujali ukubwa wa akaunti zilizofungwa. Mhasibu atakwambia ulipe kwanza deni lenye riba kubwa, na kwa hesabu tupu hakosei. Lakini mpango wako unagawa kidogo kwa kila mmoja, na ndiyo maana miezi 16 imepita bila jina hata moja kufutwa.

Ile kampuni ndogo ya simu, kwa Sh250 kwa mwezi, imekwisha kupokea Sh4,000, na ikiwa deni lote lilikuwa Sh9,000, zimebaki Sh5,000. Mwombe shemeji yako, uso kwa uso na si kwa ujumbe, akuruhusu kusimamisha Sh1,250 zake kwa miezi minne, naye atalipwa miezi hiyo mwishoni. Yeye hatozi riba, kwa hiyo subira yake haikuongezei gharama yoyote, ila heshima yake ndiyo itakayokugharimu usipomwomba kwa adabu. Ukiziunganisha Sh1,250 hizo na zile Sh250, deni la kampuni hiyo ndogo litafungwa kabla muhula wa tano haujaisha. Benki na Sacco usiziguse. Siku deni hilo litakapofungwa, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi tena, uitie kwenye bahasha, na uandike tarehe juu yake.

Kuhusu viwanja vya chumba cha walimu, mimi mwenyewe niliwahi kudaiwa na mwenye duka la mtaani kwetu, na kwa miezi saba nilizunguka njia ya nyuma ya msikiti ili asinione. Deni lilikuwa dogo. Kilichonichosha ni ule mzunguko. Inawezekana kabisa kwamba wenzako wawili au watatu wanaotaja ekari pia wanakatwa mshahara, ila wao wamechagua kuzungumzia ardhi.

SWALI: Kwako mshauri. Nafanya kazi ya ghala Mombasa, nina mke na watoto wawili. Nimo katika mpango wa kulipa wa miaka miwili na nimebakiza miezi tisa. Mke wangu hajui. Nimemwambia kwamba kazi za ziada zimepungua. Kinachonivunja nguvu hasa ni michango. Harusi, matanga, karo ya mtoto wa binamu, kila wiki kuna kundi jipya la WhatsApp, na ndugu zangu wameanza kuniita bahili. Mara mbili nimelipia mchango kwa fedha za deni. *Baba wa wawili, Mombasa*

JIBU: Ndugu yangu, mpango wa kulipa madeni ambao hauna mstari wa michango, kwetu huku pwani, umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na ukoo. Huenda aliyekusaidia kuupanga aliona kwamba michango ni anasa inayoweza kukatwa. Haikatiki, kwa sababu siku wewe utakapofiwa, watu haohao ndio watakaoleta viti na maji. Kwa hiyo tenga kiasi maalumu, tuseme Sh800 kwa mwezi, kiwe cha michango yote, na kikiisha tarehe 10, kimekwisha. Wa kwanza kuomba atapata, na wa baadaye utamwendea kwa mikono yako: utabeba viti vya matanga, utapokea wageni stendi, utasimamia jiko la pilau usiku. Wanaokuita bahili huangalia orodha ya majina kwenye simu. Aliyekuona ukikesha na sufuria hatakuita hivyo.

Lakini hayo hayatawezekana ikiwa mkeo hajui. Yeye ndiye anayeulizwa na shangazi zako kwa nini hukutoa, na kwa kuwa hana jibu, analibuni au ananyamaza kwa aibu. Pia ndiye anayepanga matumizi ya nyumba kwa kuamini kwamba kazi za ziada zitarudi wiki ijayo. Sikushauri umwambie usiku baada ya ugomvi. Chagua siku watoto wako shule, uende na karatasi zote mbili, ya madeni yalivyokuwa na ya yalivyobaki, na uanze na ya pili. Mtu anayeambiwa «nimebakiza miezi tisa, na hizi hapa stakabadhi za miezi 15» husikia habari tofauti na anayeambiwa tu kwamba mumewe anadaiwa. Atakasirika kwa kufichwa, na ana haki. Usijitetee siku hiyo. Baada ya wiki moja au mbili mwombe awe ndiye anayeshika stakabadhi. Kila mwezi utakapolipa kutakuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua kwamba umelipa, na nakuhakikishia kwamba hilo lina uzito kuliko maneno yangu yote.

SWALI: Nalipa mkopo wa simu kwa awamu, kama tulivyokubaliana kwa maandishi, lakini mawakala wao bado wanampigia simu binamu yangu na mwajiri wangu. Kila wanapopiga natamani kuacha kulipa kabisa. *Msomaji wa kike, Nakuru*

JIBU: Dada, usiache. Ukiacha, utawapa sababu ambayo sasa hawana. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho au matusi, kumwaibisha anayedaiwa, na kuitumia orodha ya namba zilizo kwenye simu yake kuwasumbua watu wengine. Mwandikie mkopeshaji barua fupi, uambatishe makubaliano yenu na stakabadhi, utaje tarehe na saa ya kila simu iliyopigwa. Wakiendelea, peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo huchapisha orodha ya wakopeshaji wenye leseni, na pia kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kuwa namba za ndugu zako ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2019.

Aidha, kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka ofisi za kumbukumbu za mikopo, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Iombe sasa ili uone kama malipo yako yanaandikwa, na uiombe tena mwakani. Deni likipungua kwenye karatasi isiyo yako mwenyewe, utaamini zaidi. Na huyo binamu, usisubiri wampigie tena. Mpigie wewe kwanza, umweleze kwa dakika mbili unadaiwa kiasi gani, unalipa kila tarehe ngapi, na utamaliza mwezi gani.